Kashata na sahani niliyoitia dawa

Daftari langu la vipimo lina pande mbili. Upande wa mbele ni wa wateja: kifua, kiuno, urefu wa gauni, mkono mrefu au mfupi, kianzio alichoacha na tarehe niliyomwahidi, ambayo aghalabu siyo tarehe anayochukulia nguo. Upande wa nyuma ni wa paka. Humo nimeandika mambo kama haya: "Jumanne. Katapika povu la manjano alfajiri. Choo kama uji. Kala vijiko 2, kaacha." Siku moja mteja aliligeuza daftari kimakosa, akasoma, akanitazama kwa huruma na kuniuliza nyumbani nani mgonjwa. Nikamwambia mgonjwa yupo hapa hapa, kalalia kitambaa chako.

Anaitwa Kashata. Ni dume, rangi yake ile ya sukari iliyoanza kuungua, na aliingia mwenyewe kwenye kibanda changu cha ushonaji hapa Ngamiani wakati wa masika, akiwa mdogo wa kuenea kiganjani. Alijilaza kwenye kapu la vipande, na tangu hapo kapu likawa lake. Kwetu Tanga paka si ajabu. Wanalala mabarazani, wanazurura sokoni Mgandini, na kule Deep Sea wanazisubiri mashua utadhani na wao walichangia nyavu. Marehemu bibi yangu hakukubali paka apigwe fagio. Alisema Mtume amewahesabu miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani, na paka akinywa maji ya udhu, maji hayajaingia najisi. Lakini paka wa kukuzunguka miguuni ni jambo moja, na paka wa kumpimia dawa kwa mililita ni jambo jingine. Hili la pili sikulelewa nalo.

Alianza kutapika alipofika miaka 5 hivi. Mwanzo mara moja kwa wiki, halafu mbili, na zaidi alfajiri kabla ya kula. Kila niliyemsimulia alinijibu neno lile lile: paka hutapika, ni manyoya hayo. Na mimi nikaridhika, kwa sababu ndivyo tunavyoambizana sote. Karibu mwaka mzima ulikwenda hivyo. Nikifikiria sasa naona haya, maana matapishi yenyewe mara nyingi hayakuwa na hata unywele mmoja. Paka kutapika fundo la manyoya mara moja moja, hilo sawa. Kutapika kila wiki ni ugonjwa, tena unaotaka kutafutwa jina.

Kilichonishtua hasa ni mkono wangu. Nimeshona miaka 30, na vidole vya fundi vina kumbukumbu ya miili kuliko macho. Jioni moja nilimnyanyua kutoka juu ya cherehani, nikauhisi uti wa mgongo wake kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Manyoya yalikuwa yamenificha. Nikamtia kapuni, nikampeleka kwa jirani yangu mwenye duka la mchele, tukampima kwenye mizani ya mchele na kutoa uzito wa kapu. Kilo 3.1. Miaka miwili nyuma tulimpima hapo hapo kwa mzaha, akatoa 4.3. Kilo moja na zaidi ilikuwa imepotea mbele ya macho yangu, nami nafagia matapishi tu na kuendelea na kazi.

Nilianza pale wanapoanzia wengi, duka la dawa za mifugo. Wakanipa dawa ya minyoo, nikarudia baada ya wiki mbili. Silaumu hilo. Minyoo ndiyo ya kuondolewa shaka kwanza, hasa kwa paka anayewinda. Lakini hali ilipobaki vile vile nilipewa antibiotiki, halafu nyingine, halafu ya tatu, bila mtu hata mmoja kulishika tumbo la paka mwenyewe. Ile ya kuharisha ilikuwa chungu kiasi kwamba Kashata alitokwa na povu mdomoni mpaka jirani akadhani ana kichaa cha mbwa. Si kichaa. Paka akionja kitu kichungu mate hububujika, na ukishaliona mara moja hutishiki tena.

Mwisho nikampata daktari wa mifugo mstaarabu. Alimpapasa, akakunja uso, akaniambia kwa upole: "Mama, mimi mtu wa ng'ombe. Mkoa wetu huu ni wa maziwa, ng'ombe nawajua mpaka ndoto zao. Huyu mpeleke Dar kwa wanaotibu paka na mbwa, wampige na picha ya utrasaundi." Namshukuru hadi leo. Watu wengi wana elimu, lakini wachache wana ujasiri wa kuonyesha mpaka wa elimu yao.

Safari ya kutoka stendi ya Kange mpaka Dar es Salaam ni kama kilomita 350, kwa Muheza, Segera na Chalinze. Nilimtia kwenye kapu la ukili lenye kifuniko, nikalifunga kwa khanga. Alilia mpaka Muheza, kisha akanyamaza kimya kilichonitisha kuliko kilio. Kijana wa kiti cha pembeni aliniuliza kama nimebeba kuku. Nikasema paka, anakwenda hospitali. Akacheka mpaka Segera, kisha akaninunulia chungwa.

Huko walichukua damu, wakaangalia choo kwa darubini, wakampiga picha. Kuta za utumbo zilikuwa zimenenepa. Daktari, dada mdogo wa umri wa binti yangu, alinieleza hivi: kinga ya mwili wake imepiga kambi kwenye utumbo kana kwamba kuna adui, na adui haonekani. Utumbo unavimba, vimba haiishi, na chakula kinapita bila kufyonzwa inavyotakiwa. Akaniambia pia, bila kunificha, kwamba ipo saratani ya polepole, limfoma, inayofanana sana na ugonjwa huu kwenye picha, na kuzitenganisha kwa uhakika ni mpaka kikatwe kipande cha utumbo kipimwe. Kashata alikuwa mwembamba mno wa kupasuliwa na mkoba wangu ulikuwa mwembamba kumshinda. Tukakubaliana tutibu huku tukiangalia. Kwa hiyo hata leo jina la ugonjwa wake ni la kukisia kwa ujuzi, si la kuthibitisha, na ninayoyasimulia hapa ni ya paka mmoja.

Nikarudi Tanga na orodha ya vitu vinne na maelekezo ya cha tano. Prednisoloni, ya kutuliza ile vimba. Vitamini B12. Unga wa bakteria wazuri wa tumboni, kwenye vipakti. Maganda ya isabgol, haya haya ya kwenye maduka ya Wahindi ambayo wazee huyanywa kwa ajili ya choo. Na cha tano: nyama ambayo hajawahi kuila maishani, ile tu, bila kuchanganya na nyingine, kwa wiki nane angalau, ili kinga yake ikutane na kitu isichokuwa na ugomvi nacho. Paka wa Tanga kala nini maishani? Samaki. Changu, dagaa, vichwa vya kolekole, tena na kuku wa sherehe na ng'ombe wa mteja. Ikabaki sungura. Bahati nzuri nilipata mfugaji upande wa Pongwe. Sungura mmoja ananigharimu ushonaji wa sketi mbili za shule, na hapo hata sijasema kitu kuhusu nauli.

Sasa niwaambie Kashata anavyokula, maana huko ndiko msiba ulikokaa. Huyu ni paka aliyekuwa akimnusa changu wa leo na kumla, na changu yule yule kesho asimguse. Akikataa chakula haondoki tu. Anakipa mgongo nusu, halafu anaparuza sakafu kuzunguka sahani kwa mguu wa mbele, vile vile anavyofukia choo chake. Mume wangu alikuwa akisema mchagua jembe si mkulima. Nami nilikuwa namjibu kwamba Kashata hajawahi kudai kuwa mkulima.

Siku ya kwanza nilifanya kile anachofanya mtu mwenye akili na asiyemjua paka. Nilichemsha sungura, nikamchambua mifupa, nikamtia kwenye sahani ya Kashata ya siku zote, kisha nikamwaga humo kila kitu: kidonge nilichokisaga kwa kijiko, unga wa bakteria, kijiko cha isabgol, na juu yake vitamini. Sindano za B12 peke yake zilikuwa hazijafika, basi nikanunua duka la dawa vile vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B tunavyovimeza watu. Ukivisaga vina harufu inayokaa puani hadi kesho yake. Nikakoroga vizuri. Nikajiona mganga.

Kashata alinusa. Akaniangalia. Akaparuza sakafu kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuona, akaenda kulala kapuni.

Kesho yake nikampa sungura mtupu, hana dawa hata chembe. Akafukia. Keshokutwa nikambadilishia nyama ya mapaja. Akafukia kabla hajafika, kutoka mbali, kwa kuiona sahani tu. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba sikumnyima dawa moja, nilimharibia chakula kizima. Paka akikutana na uchungu au kichefuchefu ndani ya chakula, lawama haendi nayo kwa dawa asiyoijua. Anailaumu nyama, anailaumu harufu yake, anailaumu sahani na pengine mkono ulioileta. Na kumbukumbu hiyo haifutiki kwa kubembeleza.

Kisha nikaongeza kosa juu ya kosa. Nikasema njaa itamfundisha. Wanangu wote nimewalea hivyo: hutaki baazi, lala, kesho utaitafuta mwenyewe. Siku ya tatu jioni bila kula nikampigia daktari kumwuliza jambo jingine kabisa, nikalitaja hili kwa majivuno kidogo. Sauti yake ikabadilika. "Shikamoo yangu nimeshakupa mama, sasa naomba unisamehe nitakavyosema," akaanza. Paka si mtoto na si mbwa. Akikaa siku mbili au tatu bila kula, mwili unamimina mafuta kwenye ini kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, na ini likishajaa mafuta unaweza kumpoteza kwa hilo kabla ya ule ugonjwa wenyewe. Mwache ale chochote leo, akasema, hata samaki. Usiku ule Kashata alipata kichwa cha changu, na mimi nikakaa kando yake kwenye mkeka nikisikiliza anavyotafuna.

Wiki iliyofuata sikumpa dawa yoyote mdomoni, kwa ruhusa ya daktari. Kazi ilikuwa moja: kuirudisha amani ya sahani. Nilinunua sahani mpya, pana, bapa. Nikaihamisha kutoka karibu na mlango nikaiweka chini ya meza ya kukatia, ambako hapiti mtu. Nilitia samaki aliyemzoea na sungura kiasi cha ncha ya kidole. Siku ya tatu ncha mbili. Ilichukua siku 12 kufika sungura mtupu, na kuna siku nilirudi nyuma. Nyama nilimpa ikiwa na joto la mwili, si moto, si ya baridi, kwa sababu paka anakula kwa pua kwanza, na nyama iliyopoa haina cha kumwambia. Nilimchemsha sungura bila chumvi, bila kitunguu maji, bila kitunguu saumu. Hapo nilipigana na majirani, maana kuna aliyeniapia kwamba saumu inasafisha tumbo la kila kiumbe. La binadamu huenda. Kwa paka vitunguu vyote viwili vinavunja chembe nyekundu za damu.

Na supu ile ya kuchemshia usiimwage. Paka hawezi kuishi bila taurini, kirutubisho kinachotoka kwenye nyama, na ukichemsha sehemu yake inahamia kwenye maji. Kwa hiyo nyama inakwenda na supu yake, na moyo wa sungura haumwendei mtu mwingine. Tena nyama tupu si chakula kamili, haina chokaa ya kutosha kwa mifupa. Daktari aliniongezea unga wa madini wa kupima kwa kijiko. Huo haukuwa na ladha wala harufu, na ndio kitu pekee kilichowahi kuruhusiwa ndani ya sahani, nacho kwa kuongezwa kidogo kidogo kwa wiki mbili.

Vingine vyote vikatafutiwa njia ya pembeni.

B12 ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Utumbo uliovimba haufyonzi vitamini hii vizuri hata ukiijaza sahani, ndiyo maana inachomwa chini ya ngozi: robo mililita ya dawa yenye mikrogramu 1,000 kwa mililita, yaani mikrogramu 250, mara moja kila wiki kwa wiki 6, kisha mara moja kwa mwezi. Dawa yenyewe ni nyekundu kama sharubati ya rozela, inapendeza. Yule daktari wa ng'ombe alinifundisha kuvuta ngozi ya shingoni iwe kama hema na kuingiza sindano chini yake. Aliniangalia mara moja, akasema hana la kunifundisha zaidi. Nikamwambia sindano na mimi tunafahamiana. Kashata huwa anakula wakati huo, ana kichwa chini ya meza, na mara nyingi hageuki hata sikio. Ajabu yake ni kwamba kitu cha kwanza kurudi kilikuwa hamu ya chakula, na naamini sindano hii ilikuwa na mkono humo, maana upungufu wa B12 wenyewe unamkatisha paka hamu ya kula. Paka wa kuchagua huenda hachagui. Huenda anachefukwa.

Prednisoloni ilikuwa vita. Ni chungu, na ukiisaga uchungu unatapakaa. Suluhisho lilikuja kwa basi, kifurushi kutoka Dar: kapsuli tupu ndogo kabisa. Kidonge kinaingia ndani, kapsuli napaka samli kidogo ili iteleze, Kashata nimemviringisha kwenye khanga kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, kichwa tu nje. Nafungua mdomo kwa kidole gumba na cha shahada, naidondosha nyuma ya ulimi, nafunga, nasugua koo. Halafu maji mililita 5 kwa bomba lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, taratibu. Maji haya nilikuwa nayaruka siku za mwanzo kwa kudhani ni mbwembwe. Si mbwembwe: kidonge kikavu hukwama kwenye koo la paka na kinaweza kulichoma. Khanga yenyewe imeandikwa "Wema hauozi" na sasa ina matundu ya kucha kuanzia mwanzo wa maneno hadi mwisho. Ninayo bado. Kazi yake ni hiyo tu, haifuniki kitu kingine, ili asije akaiogopa kila khanga ya nyumbani.

Neno moja kuhusu hizo kapsuli. Joto la kaskazi na unyevu wa pwani vilizigandisha zote zikawa donge ndani ya wiki. Pakti ya pili niliitia kwenye kopo lenye punje za mchele mkavu, kama tunavyofanya kwenye chumvi, nikaliweka mbali na pasi ya mkaa. Hazijaganda tena.

Ule unga wa bakteria ndio ulionipotezea pesa. Niligundua kwamba Kashata anaweza kulamba kitu kidoleni mwangu ikiwa kidole kinanuka supu nzito ya mifupa ya sungura. Basi nikawa nachemsha supu mpaka ipungue, naikoroga na unga, nampa kwenye kisosi cha kahawa. Analamba yote! Wiki mbili nilifurahi. Kisha binti yangu alikuja kutoka chuoni, akanikuta namwaga unga kwenye supu inayofuka mvuke. "Mama, si ndiyo wadudu hai hao? Unawachemsha?" Nilikaa kitako. Wiki mbili nilikuwa nampa paka supu ya maiti. Tangu siku hiyo supu naijaribu kwa mkono wa ndani, pale tunapopimia maziwa ya mtoto, na ikiwa siihisi wala moto wala baridi ndipo unga unaingia. Nilianza na robo ya kipakti, nikakaa na robo hiyo wiki nzima, nikaandika, nikapanda nusu. Nilipotaka kukimbilia kipakti kizima tumbo lilinguruma na choo kikalegea, nikarudi nusu na nikabaki hapo.

Mwenye duka la mchele alinishauri nitie asali kidogo ili avutike. Nia njema, lakini paka haonji utamu. Ulimi wake hauna hiyo kazi kabisa, wamezaliwa hivyo wote. Asali kwake ni gundi. Mwingine akanishauri maziwa, na mji wetu huu maziwa si haba, lakini paka wengi wakishakua hawayameng'enyi, na kwa huyu wangu ingekuwa kumwagia moto petroli.

Isabgol ilinishinda, na sioni aibu kusema. Ukiiloweka inakuwa mlenda, na ni sharti uiloweke, haipewi kavu. Nilijaribu kwenye supu, kwenye ncha ya bomba, nikampaka mguuni ili ailambe kwa kujisafisha. Alikung'uta mguu, mlenda ukaruka kwenye satini nyeupe ya bibi harusi. Nikampigia daktari huku nasugua doa. Akaniuliza: anakwenda choo mara nyingi kidogo kidogo? Kuna ute, kuna damu? Nikasema hapana, kinakuwa kingi na chepesi, mara mbili au tatu kwa siku. Akasema basi taabu yake iko utumbo mwembamba, na isabgol inasaidia zaidi taabu ya utumbo mpana, mwachie. Miezi miwili nilikuwa nagombana na paka kwa kitu ambacho angeweza kuishi bila nacho! Sikumlaumu daktari. Mimi ndiye niliyekuwa sijawahi kumwuliza kila kimoja kina kazi gani.

Daftari ndilo lililonituliza. Kabla ya kuandika, kila choo kibaya kilikuwa kiama na kila choo kizuri kilikuwa sikukuu. Nilipoanza kupima kila Jumamosi kwenye mizani ya mchele niliona jambo tofauti. Choo kilipanda na kushuka kama bei ya nyanya, lakini kilo zilitambaa: 3.1, 3.1, 3.2, 3.2, 3.4. Mwezi wa tatu daktari alianza kupunguza prednisoloni, hatua kwa hatua, maana haikatwi ghafla. Aliniambia niangalie maji anayokunywa, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumletea paka kisukari. Kwa hiyo na maji nayo nikayaandika. Mume wangu alisema hata yeye hajawahi kuandikwa hivyo.

Idi tulipata pigo. Nyumba ilijaa wageni, na wageni wana huruma. Karatasi niliyobandika ukutani, "Kashata mgonjwa, asipewe kitu", shemeji yangu aliisoma kwa sauti akiwa na mnofu wa pilau mkononi, kisha akampa. "Kidogo tu, shemeji, kaniangalia." Pilau ina vitunguu, ina mafuta, ina ng'ombe. Siku nne za kutapika, na 3.6 ikarudi 3.4. Shemeji alipiga simu kila siku kuulizia, akiwa na hatia ya mtu aliyegonga gari la mwenzie. Sikumkasirikia kwa muda mrefu. Anavyoangalia huyo paka ukiwa na mnofu mkononi, mimi mwenyewe nisingejiamini.

Sasa ni mwaka na miezi. Sindano ni Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya swala, wakati kibanda hakina watu. Prednisoloni imebaki nusu kidonge siku moja, siku moja hapana. Kisosi cha supu ni kila jioni, na akikikataa sikilazimishi. Nakiondoa, na sahani ya chakula inabaki pale chini ya meza bila lawama. Anatapika mara moja kwa mwezi au isiwepo kabisa. Bado anafukia sahani siku akiamka vibaya.

Jumamosi hii nilimpeleka dukani kama kawaida. Jirani akatoa kapu, akasoma, akasogeza miwani akasoma tena, 3.9, kisha akanyang'anya kalamu mkononi mwangu akaiandika mwenyewe kwenye daftari, kwa mwandiko wake wa hesabu za mchele, upande wa mbele, katikati ya vipimo vya gauni la mtu. Nilipokuwa nacheka na kumwonyesha kosa lake, Kashata alishuka mezani na kwenda moja kwa moja kwenye gunia la dagaa lililo wazi nyuma ya mlango. Nilimwahi akiwa ameshaingiza kichwa.